Kadi Yangu, Mtoto Wako

Odeta mwanangu,

Usinicheke mwandiko. Darasa la tatu la kambi ya wakimbizi ndilo hilo, na miwani niliikalia juzi. Lakini hili siwezi kumpa mtu aniandikie.

Mtoto wako amenipigia simu.

Yule yule uliyemzaa Buffalo. Ana miaka kumi na tisa, anaishi Columbus na wazazi waliomchukua, anasoma chuo. Tuliambiwa nini siku ile ofisini tulipomtoa? Kwamba karatasi zinafungwa, hakuna atakayeziona. Na mimi mjinga nikaamini. Kumbe sheria ya kule imegeuzwa: mtoto aliyelelewa na wengine akifikisha miaka kumi na minane anaomba cheti chake cha kwanza cha kuzaliwa, anapewa. Hamwombi jaji, hamwombi mama. Akaendesha gari hadi Black Rock kule Buffalo, kwenye anwani yetu ya zamani, akagonga milango ya majirani mpaka Mama Jovini akampa namba yangu ya hapa Louisville. Mdomo wa Mama Jovini unaujua.

Sasa sikiliza. Cheti kina jina langu. Mama ni mimi.

Unajua kwa nini. Kambini kadi ya posho ilikuwa ya nyumba. Mwenye miguu ndiye alikwenda nayo, na hakuna aliyeuliza. Uchungu ulipokushika, kadi yako ya hospitali ilikuwa haijafika kwa posta, nikatoa yangu. Wote wawili karatasi za ukimbizi zimetuandika tumezaliwa Januari mosi, nani angeangalia mwaka? Hapo nilifanya tulivyozoea tu. Uongo ulikuja baadaye, pale ofisini, walipoleta karatasi za kumtoa mtoto alelewe na wengine, wakasoma jina langu kama mama yake. Ningesema, "Si mimi, ni huyu." Sikusema. Ulikuwa na miaka kumi na sita, Marekani hatujamaliza hata miezi mitatu, na niliogopa midomo ya kanisani kuliko nilivyomwogopa Mungu. Nikasaini.

Ndani ya gari, maziwa yamelowesha gauni lako, uliniuliza, "Mama, mimi nasaini wapi?" Nikakuambia nyamaza, kula mkate.

Hukuuliza tena. Lakini kila kliniki tuliyokwenda, hata wiki ile ya mwisho ukiwa huwezi kushika kikombe, kadi yako uliishika mwenyewe. "Niachie, Mama. Hii ni yangu." Ulidhani sielewi. Nilielewa! Nilikuwa najifanya nafunga begi.

Na wewe una makosa yako, usijifanye malaika kwa sababu umekufa. Nilikukataza kumpa jina. Kumbe ulimnong'oneza nesi. Limeandikwa kwenye cheti, amenisomea kwenye simu: Riziki. Miaka yote hii wewe ulikuwa na mtoto mwenye jina, na mimi nilikuwa namwita "jambo lile".

Aliniuliza kwa Kiingereza kama mimi ndiye mama yake. Odeta, nilisema ndiyo. Sijui nani alinifungua mdomo. Akalia, akaniita Mama. Ni wewe tu uliyekuwa unaniita hivyo. Hawa wengine wote hapa huniita bibi, bibi. Tangu tukuzike, miezi minane, sikulisikia neno hilo. Lilikuwa tamu. Naona aibu kuandika, lakini lilikuwa tamu.

Anakuja kesho. Maharage nimeloweka, majani ya muhogo ya sombe nimetwanga. Na picha yako ya arusi nimeishusha ukutani. Nikairudisha. Nikaishusha tena. Ungengoja miezi minane tu! Siku zote mtu wa haraka wewe.

Kwetu mgeni hula kwanza, habari baadaye. Kesho nitaivunja desturi hiyo. Nikimlisha kwanza sitasema kamwe, najijua. Pale pale mlangoni, hajavua viatu, nitampa picha yako mkononi: "Huyu ndiye mama yako. Mimi ni bibi yako, na mimi ndiye niliyesaini." Akitaka kugeuza gari, ageuze, maharage yaoze. Akibaki, nitamleta hapo ulipolala. Kisha niende naye Buffalo, popote wanapotengeneza karatasi, niseme mbele ya yeyote. Wanifunge wakitaka. Jina langu litoke, liingie lako.

Picha nimeirudisha ukutani. Safari hii haishuki mpaka Riziki aje.

Pumzika, mtoto mkaidi wewe.

Mama yako.
Wako wewe, si wake.