Alama ya Chaki Mlangoni

Nyumba ya Fundi Cherehani,
Ghorofa ya Kwanza, Chumba cha Mbele,
S.L.P. 418.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kengele,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na shemeji na wanangu wawili. Goti lako linaendeleaje? Kwenye kadi yako ya mwisho ulisema ngazi za pale unapofulia shuka za hospitali zinakumaliza. Paka dawa, na ushujaa uache. Umri wetu huu si wa kushindana na ngazi. Mimi sijambo, ukiondoa macho, ambayo siku hizi yanadai miwani hata kwa kutunga uzi kwenye sindano. Cherehani ya Baba bado inafanya kazi. Inapiga kelele kunishinda mimi.

Hali ya dada yako Kijiti si nzuri, na hilo ndilo lililonikalisha mezani. Kile kifua kilichomsumbua tangu mwaka jana sasa kimemlaza kabisa. Daktari aliniita kando akaniambia tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Nimemhamishia chumba cha nyuma, kile ulichokuwa ukilala wewe, kwa sababu kina dirisha kubwa. Anakula vijiko viwili vitatu basi. Utani hajaacha: juzi alijitazama mikono akasema hatimaye jina lake limemkaa barabara.

Kuna jambo la pili, na Mungu anisamehe, kuliandika kwangu ni kuzito kuliko hilo la kwanza.

Wiki iliyopita alikuja hapa binti wa yule fundi mitambo wetu. Bila shaka unamkumbuka baba yake, mzee wa kaptula, aliyekuwa na chumba cha kurekodia nyuma ya duka lake la redio, kuta zote zimefunikwa magunia. Mzee alikwisha kufariki. Sasa duka linabomolewa, na katika kusafisha binti yake akakuta kanda yetu ndani ya bati la biskuti. Imeandikwa kwa mwandiko wa baba yake: Mabinti wa Fundi, Vifungo Saba, jaribio.

Ngoja nianzie mwanzo, maana nikianzia katikati nitakimbia. Na huenda siku moja wanangu hao wataisoma barua hii, nao sidhani kama umewahi kuwasimulia kwamba mama yao alikuwa mwimbaji.

Tulianzia mezani kwa Baba, tukishona vifungo. Mikono ina kazi, mdomo hauna, basi tukaimba. Wateja wakawa wanachukua nguo zao na hawaondoki. Mmoja wao alikuwa huyo mzee wa kaptula, aliyeleta hiyo kaptula yenyewe kuzibwa tundu. Akasikiliza mpaka akaisahau, ikabidi arudi kesho yake. Alipotuita kurekodi, Baba alikata magauni matatu kwenye jora moja, kola za aina moja, mikono ya aina moja. Watu wakatuita Mabinti wa Fundi. Wewe ulikuwa mtoto wa Mama Mdogo, ulikuja kwetu ukiwa na miaka tisa, baada ya kumzika, na hadi mwisho ulimwita Baba "Baba Mkubwa". Lakini yeye hakuwahi kukukatia gauni la mabaki. Nataka ulijue hilo kabla sijafika ninakokwenda. Aliyekutenga si yeye.

Siku ile ya kwanza tuliingia asubuhi mapema, kabla mtaa haujaanza honi zake. Maikrofoni ilikuwa moja tu, imening'inizwa kwa waya katikati ya chumba. Fundi mitambo alituimbisha mmoja mmoja huku anaangalia mshale wa mashine yake, kisha akachora alama tatu sakafuni kwa chaki. Yangu ilikuwa hatua moja kutoka kwenye maikrofoni, ya Kijiti hatua moja na nusu, yako hatua tatu. Ulinuna kidogo, nakumbuka. Tukaimba jaribio la Vifungo Saba, halafu wewe ukatoka kwenda kunywa maji bombani.

Ulipokuwa bombani, alitusikilizisha. Mdogo wangu, ulikuwa nyuma yetu sote na bado sauti yako ilijaa chumba kizima. Ya Kijiti ilitulia chini yake. Yangu mimi, mkubwa wenu, niliyeutunga wimbo, ilikuwa pembeni inakuitikia. Fundi alikuwa anatabasamu peke yake. Alisema, "Huyu mdogo nimemrudisha nyuma kwa sababu akisogea tu, mshale unagonga mwisho. Wimbo ndiye yeye. Nyinyi mshikilieni tu." Akatoka kutafuta kanda nyingine dukani.

Kijicho kilinipanda. Nilifuta alama yako kwa kisigino, nikaokota chaki, nikachora nyingine hatua mbili nyuma zaidi, karibu kabisa na mlango. Kijiti aliniona. Nilimkazia macho mpaka akainamisha kichwa.

Ukarudi unajifuta maji kidevuni, ukasimama pale pale palipochorwa, hukuuliza. Fundi alikaa chumba cha pili nyuma ya kioo, na kutoka pale upande wa mlango hauonekani. Tulipomaliza aliuliza, "Huyu vipi, kachoka?" Nikamwambia una kifua. Watu wengine walikuwa wanangoja zamu yao nje, akasema basi, inatosha. Tuliporudi mara ya pili alilalamika kwamba chaki inafutika, akanipa kopo la rangi ya mafuta nizipake zile alama zisitoke tena. Nikazipaka kwa mkono wangu. Santuri zetu zote tatu tulizirekodi juu ya alama hizo.

Yaliyofuata unayajua. Redio ilitupiga kila Jumamosi mchana, kumbi zikajaa, wasichana wa shule wakaja kumwomba Baba awashonee kola kama zetu. Na katika santuri, ubeti ule wa mwisho uliouimba wewe unasikika kama mtu anayeimba uani kwa jirani. Gazeti likaandika kwamba Mabinti wa Fundi ni dada wawili na mwangwi wao. Ulilisoma nyuma ya jukwaa, ukalikunja mara nne, ukaliweka chini ya kiti na kwenda kuimba.

Kesho yake tulikuwa tunafua. Ukaniuliza, "Dada, mbona mimi sisikiki?" Nikakujibu, "Sauti yako ni ndogo, mdogo wangu. Si kosa lako." Uliitikia kwa kichwa. Halafu ukanishukuru kwa kukuambia ukweli.

Baada ya santuri ya tatu uliacha gauni lako kwenye kiango ukafuata kazi huko uliko. Mimi na Kijiti tulijaribu wawili, hatukufika popote. Watu walisema mtindo umebadilika, siku hizi wanataka vijana na magitaa, nami nikawaacha waseme hivyo. Nikarudi kwenye cherehani. Miaka thelathini na saba imepita. Mara moja tu uligusia habari za kuimba, kwenye kadi, ukasema huko kazini wenzako huimba wakifua lakini wewe hapana, maana sauti yako unaijua. Kadi hiyo nimeikunjua na kuikunja mpaka imechanika.

Binti wa fundi alikuja na mashine ya kanda, akaiweka juu ya stuli karibu na kitanda. Kijiti alikuwa amelala chali. Ulipoingia ubeti wako alifumba macho, machozi yakawa yanamtiririkia masikioni, asiyafute. Kanda ilipokwisha hakufumbua macho. Nikadhani amelala.

Kisha akasema, "Mwandikie. Mimi nilinyamaza miaka yote hii kwa heshima ya ukubwa wako. Sasa nimechoka kukuheshimu."

Basi nimepiga moyo konde. Sitajificha nyuma ya ujana. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilijua ninachofanya. Nilikukosea siku ile, nikakukosea zaidi pale kwenye beseni la nguo, na kila mwaka niliokaa kimya nilikukosea upya. Nasikitika, mdogo wangu, nasikitika sana. Sikuombi unisamehe. Nimekuwa na miaka mingi ya kusema, nawe nakupa yote utakayotaka ya kunijibu au kutonijibu.

Kanda naituma pamoja na barua hii, ndani ya bati lile lile la biskuti. Isikilize kwanza ukiwa peke yako. Halafu waite wanangu wakae chini wasikilize mpaka mwisho.

Ninaloomba ni kwa ajili ya Kijiti tu. Anataka usimame chumbani kwake umwimbie Vifungo Saba kabla hajaondoka. Hana muda wa kungoja barua nyingi, kwa hiyo usifikirie sana. Panda chochote kinachokuja huku. Kama hutaki kuniona, mwambie binti yangu, nami nitahamia kwake siku hizo na ufunguo nitauacha kwa jirani wa chini. Sitaona vibaya. Nitakuwa nimestahili.

Nisalimie shemeji, umwambie suruali zake za kupunguza kiuno bado nazingoja. Wabusu wanangu wote wawili, hasa yule wa mwisho ambaye picha yake ina pua ya Mama Mdogo. Binti yangu anakusalimu, anasema mama mdogo wake asije na zawadi, aje tu. Na Kijiti anakusalimu, kwa neno hilo hilo moja: njoo.

Nimebakiwa na jambo dogo. Jana asubuhi Kijiti aliniagiza chaki ya kukatia nguo, ile ya Baba. Akanielekeza kwa kidole, na mimi nikapiga magoti nikachora. Yako iko karibu na mto wake, pale ambapo utaweza kumshika mkono. Nikamuuliza yangu iwe wapi. Akanyoosha kidole mlangoni. Nimeichora pale, mdogo wangu, na leo kabla ya kukuandikia nilikwenda kusimama juu yake. Pale mtu anasikia kila kitu. Ni yeye tu asiyesikika.

Mungu akufikishe salama, na akujalie pumzi ndefu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa kuchelewa,

Mkubwa