Mashavu ya Vidonge

Jumatatu, 2 Juni 2025
Leo ugonjwa wangu umepata jina. Vaskulaitisi! Nimemwomba daktari alirudie na bado nimetoka nalo nusu. Kumbe madoa mekundu miguuni, magoti kuuma na mkojo kama chai ya rangi — vyote ni kitu kimoja. Kinga ya mwili wangu imechanganyikiwa, inashambulia mishipa yangu midogo ya damu. Yaani sungusungu wameacha wezi, wanamcharaza mwenye nyumba.

Nikauliza, nani kanifanyia? Daktari kacheka. Hakuna mtu, hauambukizi, na chanzo chake mara nyingi hakijulikani. Figo zimeguswa kidogo. Kidogo! Silipendi hilo neno.

Nimepewa vidonge vya kuituliza hiyo kinga. Nisiruke hata siku moja, nisiache mpaka aniambie mwenyewe — naweza kuanguka ghafla.

Alhamisi, 5 Juni
Wageni. Kila mmoja na kitu cha kuongeza kinga! Catherine wa jirani kaleta unga wa mlonge. Mama mchungaji kaleta vitunguu saumu na tangawizi. Nawaambia kinga ninayo, inanizidi, ningeweza hata kuwagawia. Wakatazamana kwa huruma. Wanadhani ugonjwa umepanda kichwani.

Jumapili, 15 Juni
Njaa ya vidonge hivi si ya kibinadamu. Nimekula ugali wangu, nikala wa Nathanaeli, nikabaki naitazama sahani ya mtoto. Mashavu yameumuka kama maandazi. Kanisani wanaume wamempa Nathanaeli mkono wa pongezi: anajua kutunza mke! Naye kapokea, bila aibu.

Mama mkwe kanishika shavu, kalibonyeza. "Mama Lea, hii dawa ina nguvu. Inanenepesha hata mfupa."

Jumatano, 25 Juni
Madoa yamefifia! Mkojo umepimwa, daktari kasema figo zinaendelea vizuri, ila nisijidanganye nikaacha dawa. Nimeimba njia nzima mpaka nyumbani Ikungi.

Jogoo wa mama mkwe kanishangaza. Juzi juzi alikuwa mifupa yenye manyoya, leo anakwama mlangoni kwa banda. Mama anamwandaa kwa mnada wa shukrani kanisani. Anamlisha nini? Pumba tu, anasema. Anacheka peke yake.

Jumamosi, 28 Juni
Asubuhi nimefungua kopo la dawa. Tupu! Jana vilikuwamo vya kunifikisha siku ya kliniki. Nimegeuza godoro, nimempekua Lea mifuko, nimemsingizia Nathanaeli. Mama mkwe kasimama mlangoni. Halafu: "Kwani vilikuwa vinahesabiwa, mwanangu?"

Alikuwa anaviponda, anachanganya na pumba! Alianza na kimoja kimoja. Jana kamaliza vyote, maana mnada ni kesho. Alitaka siku ya kushukuru kwa kupona kwangu niingie kanisani na jogoo wa kugombaniwa. Kwa ajili yangu, jamani! Mtu kama huyo unamfokea vipi?

Nimemfokea. Nikamweleza kwamba ugonjwa ukirudi, figo ndizo zitakazoondoka. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, na kitenge chake kipya. Nikaona aibu.

Nathanaeli kapanda bodaboda kwenda Singida Mjini. Kapiga simu: duka la kwanza hawana, anaenda la pili. Mchana umepita, dawa ya asubuhi bado sijaimeza. Kila saa nafunua gauni nakagua miguu. Naogopa. Kweli naogopa.

Na jogoo? Kachinjwa! Mama hakuniuliza. Anasema nimle jogoo mzima leo, na supu yake, dawa imo humo humo, hatujaipoteza. Nimecheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikagundua nalia.

Simu inaita. Ni Nathanaeli. Mama yuko mbele yangu na bakuli, anasema ninywe kwanza ndipo nipokee. Nakunywa —