Karani Aliyekuwa Mwanafunzi Wangu

Njombe, Jumapili alasiri, mwezi wa Julai.

Asubuhi sakitu ilikuwa imetanda juu ya majani, nyeupe kabisa, na maji ya kwenye ndoo yalifanya utando mwembamba ambao Neema, binti yetu, aliuvunja kwa kidole huku akicheka. Sasa jua limetoka. Nimekaa uani na kabuti langu, mgongo unaota joto, na najaribu kuandika jambo ambalo tangu Alhamisi nimelikwepa hata katika daftari hili.

Nimepata kazi ya benki.

Ndivyo nilivyomwambia mke wangu, Twilumba. Ndivyo naye alivyowaambia dada zake, na ndiyo habari ambayo mchungaji alinipongezea leo mlangoni mwa kanisa, mkono wangu akiutikisa mpaka bega likauma. Ni kweli tupu. Lakini ni nusu ya habari, na ile nusu nyingine nimetembea nayo siku tatu kama jiwe ndani ya kiatu.

Nianze mwanzo. Nina miaka thelathini na minne, na kumi na miwili kati ya hiyo nimefundisha darasa la tatu katika shule ya misheni. Nawapenda watoto. Chaki siipendi tena. Imenikaa kooni, imenikaa kwenye mikono ya koti, na kila Januari wanaingia wapya na mimi naanza tena pale pale, herufi za Kiingereza, a, e, i, o, u.

Halafu kuna jambo la baba mdogo. Mwaka juzi, baada ya kuuza pareto yake, nilimsindikiza benki kule Iringa. Mimi niliambiwa nisimame mlangoni. Yeye alisogezewa karatasi, akashikwa dole gumba, likachovywa kwenye wino, likagandamizwa, basi. Hakuna aliyemweleza neno. Tulipotoka nje aliniuliza, "Mwanangu, hivi nimekubali nini pale?" Mzee anayeijua kila hatua ya shamba lake alikuwa anafuta wino kwenye suruali, na mimi msomi wake sikuwa na jibu.

Tangu siku ile nimetaka kukaa upande wa pili wa ile meza.

Na niseme ukweli wote, nilitaka pia tai. Nilitaka watu waniite bwana karani.

Kwa hiyo iliposikika kwamba benki itafungua tawi dogo hapa Njombe, karibu na boma, na kwamba inatafuta Mwafrika anayejua Kiingereza, Kiswahili na lugha ya watu wa hapa, niliandika barua bila kumwambia mwalimu mkuu. Twilumba peke yake ndiye aliyejua. Kwa miezi mitatu alinipigisha mazoezi jioni jikoni, mwiko mkono mmoja, kitabu cha hesabu mkono wa pili. Alinisomea tarakimu kwa Kiingereza chake cha kuokota, mimi naandika na kujumlisha. Mara nyingine alitamka vibaya hata nikashindwa kuandika kwa kucheka, naye alinitishia kwa mwiko. Wiki iliyopita alifumua kola ya shati langu jeupe na kuigeuza, ili upande uliochakaa ukae ndani. Alishona taratibu, akiuma uzi kwa meno, kana kwamba ni yeye anayekwenda kufanya mtihani.

Mtihani ulikuwa Makambako. Meneja wa benki, Mzungu, alikuwa safarini kutoka Mbeya kurudi Iringa, akasema atatuona waombaji pale njia panda, katika nyumba ya wageni. Alhamisi alfajiri nilipanda lori lililobeba magome ya miti ya miwati, yale ya kulainishia ngozi. Nilifika nimepauka kwa vumbi, nikajipangusa nyuma ya duka, nikavaa shati la Twilumba, nikaenda barazani.

Mtu wa kwanza kumwona pale alikuwa Lutengano Sanga.

Lutengano nilimfundisha miaka yangu ya mwanzo. Alikuja kutoka Makete kukaa kwa shangazi yake, mtoto mwembamba mwenye kikohozi, na alijifunza kusoma Kiingereza upesi kuliko wote niliowahi kufundisha. Mimi ndiye niliyemwendea shangazi yake mara mbili kumsihi asimtoe shule. Baadaye alifika darasa la kumi, kisha akajifunza kupiga taipu katika ofisi ya serikali. Sasa ni kijana mrefu, ana suti ya kijivu. Aliponiona alivua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Shikamoo, Mwalimu! Hukupaswa kujisumbua kuja mpaka huku. Nilidhani wangekuandikia barua tu."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Alikuwa ameandika jina langu kama mtu wa kumthibitishia tabia njema, na aliniona pale akadhani nimekuja kumsimamia.

"Marahaba," nilisema. "Lutengano, mimi pia nimekuja kufanya mtihani."

Uso wake ulibadilika. Alitazama viatu vyake, akatazama barabara, akachukua kofia yake.

"Basi mimi narudi nyumbani, Mwalimu."

Hapo sauti yangu ya darasani ilitoka yenyewe. "Kaa chini."

Akakaa. Tulikaa wote wawili kwenye benchi moja, pamoja na vijana wengine wawili nisiowajua, mpaka tulipoitwa ndani.

Mtihani ulisimamiwa na karani mkuu wa benki, Mhindi mmoja mzee wa Goa anayeitwa Bwana Pinto, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alitupa hesabu, kisha imla ya barua kwa Kiingereza. Alikusanya karatasi, akazipeleka kwenye meza iliyo chini ya picha ya Malkia, akaanza kusahihisha. Nilimwona anasimama. Alichukua karatasi mbili, akazishikilia dirishani pamoja, akaenda kumnong'oneza meneja.

Vijana wale wawili waliambiwa watoke. Lutengano nami tulibakishwa.

"Nani kati yenu amemwangalizia mwenzake?" Bwana Pinto aliuliza kwa Kiswahili, polepole. Alituwekea karatasi mbele yetu. Mwandiko ulikuwa mmoja. Herufi zimelalia upande mmoja, mkia wa g umepinda namna moja. Kila saba ilikuwa imekatwa kiunoni kwa kistari, kama nilivyofundishwa na mwalimu wangu mzee, ambaye yeye alifundishwa na Wajerumani. Na lile neno la Kiingereza la kupokea, ambalo linaonekana karibu katika kila barua ya benki, sote wawili tulikuwa tumelikosea kwa namna ile ile, I imetangulia na E imefuata.

Miaka kumi na miwili nimeliandika neno lile ubaoni. Ni watoto wangapi wameondoka nalo?

"Sijaangalizia," Lutengano alisema.

Meneja alituweka vyumba viwili tofauti, na Bwana Pinto akasoma imla nyingine, mlango baada ya mlango. Nilipoandika nilijua kitakachotokea, lakini mkono wangu haujui kuandika kwa namna nyingine. Waliziweka karatasi sambamba mezani, na zilifanana tena. Bwana Pinto alivua miwani.

Nilisimama. Nilisema kwa Kiingereza kilichonijia, "Bwana, huyu nilimfundisha kuandika alipokuwa mdogo. Nilimshika mkono wake na kalamu ndani yake. Saba ile ni yangu na lile kosa ni langu. Msimhesabie yeye."

Lutengano naye alisimama. "Hapana, bwana. Nimeandika mimi. Mwalimu hana kosa."

Meneja alitutazama mmoja baada ya mwingine, halafu alicheka mpaka akakohoa, akanywa maji. Hakuwa mtu mbaya. Alisema benki humtambua mtu kwa mwandiko wake, na ikiwa atatuajiri wote wawili, mmoja itabidi ajifunze upya kuandika. Kisha akaacha kucheka, akafungua jalada.

Lutengano ndiye atakuwa karani wa tawi la Njombe, kwa sababu ya darasa la kumi na taipu. Mimi, kwa sababu nina umri na watu wananijua, nitakuwa msaidizi wa mezani, wa kuwapokea wateja na kuwaeleza mambo kwa Kibena na Kiswahili. Miezi sita ya majaribio, na tawi lingefunguliwa Jumatatu, siku kumi na moja baadaye.

"Utakuwa chini yake," alisema. "Yeye ndiye atakayekuelekeza kazi na kuandika taarifa yako. Unaweza?"

Nilimwomba siku chache. Alisema jibu limfikie kwa basi la Jumanne.

Hiyo ndiyo nusu ya pili.

Wakati wa kurudi tulipanda lori moja. Kulikuwa na nafasi moja mbele, kando ya dereva. Lutengano hakuniuliza. Alipanda juu, na suti yake ya kijivu, akakaa juu ya magunia katika ule upepo wa baridi. Nilikaa mbele kwenye joto la injini na kumchukia kidogo kwa wema wake. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa naona aibu.

Nilipofika nyumbani Twilumba alikuwa amesimama barabarani. Nilisema, "Nimepata," akanikumbatia mbele ya majirani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Baada ya hapo ningesemaje?

Leo baada ya ibada niliona mambo yanazidi. Mchungaji ameshanipongeza, shemeji ameshaniita bwana mkubwa. Tulipofika nyumbani nilimfuata Twilumba jikoni. Alikuwa anamenya viazi. Nilimweleza yote, saba, imla, lori, na nani atakuwa chini ya nani. Nilisema sidhani kama naweza. Kila asubuhi nimwamkie kijana niliyemfuta kamasi? Nimwombe ruhusa ya kwenda chooni?

Hakuacha kumenya.

"Baba Neema," alisema, "wewe ulimfundisha ili abaki nyuma yako?"

Nilivuta kigoda nikakaa.

"Ulipokwenda kwa shangazi yake mara mbili kwa miguu, mvua inanyesha, ulitaka awe nani?"

Nilisema sikujua. Nilitaka asome tu.

"Amesoma," alisema, akatupa kiazi kwenye maji. "Na hukuniambia siku tatu. Hilo ndilo limeniudhi." Alinigeuzia mgongo, lakini alinipa kisu cha pili, na tulimenya pamoja mpaka viazi vikaisha. Nilipomwomba radhi alisema amesikia. Baadaye kidogo alinisukuma kwa bega, nikajua yamekwisha.

Saa nane hivi nikiwa hapa hapa uani, Lutengano alikuja. Ametembea kutoka kwa shangazi yake na kuku wawili wa zawadi wamefungwa miguu, na bahasha mfukoni. Alimwamkia Twilumba, akampa Neema wale kuku awashike, akakaa kwenye gogo, chini kuliko kiti changu. Alitoa bahasha.

"Mwalimu, nimewaandikia. Nimesema nafasi ile wakupe wewe. Mimi nitarudi ofisi ya serikali."

Niliichukua. Nilikiri moyoni kwamba kwa pumzi moja, moja tu, nilitamani kuiacha iende. Kisha nikamwona alivyokaa, magoti yamekutana na kidevu kama alivyokuwa akikaa dawati la mbele, akingoja nimwambie kama amepata au amekosa.

Niliichana barua vipande vinne.

Nilimwambia kwamba mimi taipu siijui, na tawi likiharibika mwezi wa kwanza watasema Waafrika hawawezi, na hapo hatutapata nafasi yeye wala mimi wala wanaokuja. Nilimwambia mimi kazi yangu ipo, ni ile meza, na wazee watakaofika pale na madole gumba yao bila kujua wanakubali nini. Nilimwambia nitajifunza kazi kwake, na asinionee haya nikikosea. Alitaka kusema kitu, nikainua mkono.

"Siku ya kwanza tutafungua saa ngapi, Bwana Sanga?"

Aligeuka kutazama nyuma yake, akidhani kuna mtu mwingine ameingia uani.

Twilumba alikimbilia jikoni ili asicheke mbele ya mgeni, lakini tulimsikia. Lutengano alifuta macho kwa kiganja, akasema, "Saa mbili, Mwalimu." Kisha akajirekebisha, akasema saa moja na nusu, kwa sababu tutahitaji muda wa kufagia.

Ameondoka sasa hivi. Barua yangu kwa meneja iko tayari, na kesho nitasimama mbele ya mwalimu mkuu, kisha mbele ya darasa la tatu, niwaambie naondoka. Mwalimu mkuu simwogopi. Wale watoto arobaini watakaponiuliza kwa nini, nitaanzia wapi kuwaeleza?