Kula ya Rodah

Jumamosi, 6 Juni
Nimekamua ng'ombe. Chai nimejipikia, tena. Tangu mke wangu Rodah aamue kuwania uwakilishi wa wadi kama mgombea huru katika uchaguzi mdogo wa Alhamisi, haonekani nyumbani. Inanikera. Huku Mautuma tuna mirengo miwili tu. Ukichoshwa na huu unakimbilia ule, halafu unarudi. Barabara ni tope lilelile. Sote tunanung'unika. Rodah peke yake ndiye amesimama.

Jumatatu, 8 Juni
Aibu. Sokoni, kipaza sauti mkononi, Rodah kasema, "Naomba kula yenu." R ilimtoroka, kama inavyotutoroka wengi. Vijana wa mirengo yote miwili wakaangua kicheko. "Anaomba kula! Mpeni sahani!" Mara ya kwanza nawaona wamekubaliana kwa jambo.
Alingoja watulie. "Mimi nateleza mdomo tu. Hao wenu wanatelezanga mkono, mpaka ndani ya mifuko yenu."
Soko zima likamshangilia. Nilijivuna, nikasahau aibu.

Jumanne, 9 Juni
Wazee wa mrengo wangu, ule niliorithi kwa marehemu baba, wamekuja. Nimshawishi Rodah ajitoe, atapewa cheo. Mjinga mimi, nikampelekea ujumbe. Hakunigombeza. Aliendelea kuchambua mboga.
"Hata wewe, Baba Neema?"
Hakuniuliza nitampigia nani kura. Afadhali angeuliza.

Alhamisi, 11 Juni
Nimempigia Rodah kura. Niliikunja karatasi haraka utadhani naiba. Sijawahi kutoka nje ya mrengo wa baba. Nilipotoka, yeye alikuwa bado kwenye foleni. Akageuza uso. Anaamini nimemwacha.

Ijumaa, 12 Juni
Ameshindwa. Wa tatu. Akaenda kumpa mshindi mkono mbele ya watu wote, kisha akawashukuru waliompigia, "kila kula." Hakuna aliyecheka. Mimi ningejifungia nyumbani. Sijui moyo huo aliutoa wapi.

Jumapili, 14 Juni
Mvua. Tumerudi kutoka kanisani, yeye mbele, mimi nyuma. Rodah amechinja kuku. Akaniita kutoka jikoni, "Baba Neema, obusuma imeiva. Kuja kura."
"Kura nilishakupa Alhamisi."
Akasimama mlangoni, mwiko mkononi. Kisha akapakua ugali.
Firigisi kwetu ni ya mwenye boma. Leo nimeitoa kwenye sahani yangu nikaiweka kwake. Ameila yote.