Mifuniko ya Bondeni

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha vipaumbele. Mkubwa kaandika ubaoni: kwanza bwawa la uwanja wa michezo, pili nyumba za mlimani, tatu bondeni "hali ikiruhusu". Hali haijawahi kuruhusu tangu niajiriwe kitengo hiki cha mbu.

Sababu ni simu. Watu wa mlimani wakiumwa na mbu mara mbili wanapiga. Mbu wa bwawani anaimba usiku kucha, anakera, lakini ugonjwa wa maana hana. Yule wa bondeni, mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, haimbi, na ndiye anayebeba homa ya dengi. Sasa nani atapiga simu kumlalamikia mbu ambaye hakumsikia? Nikasema hivyo kikaoni. Mkubwa akacheka, eti Mama Mbu ameanza. Ndilo jina langu mjini kote, hata mwenye bucha ananiita hivyo.

Akasema bondeni tayari tumewapa mifuniko. Mifuniko ya mapipa, ya plastiki, tuliyogawa nyumba kwa nyumba mwaka jana, maana maji ya bomba hutoka kwa zamu na kila mtu anahifadhi. Wafadhili wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuiona. Ni fahari yake ile mifuniko. Na yangu pia kidogo — nilisukuma mkokoteni ule mpaka soli za viatu zikaisha.

Jumatano, 5 Machi

Mvua juzi, mvua jana. Baada ya kazi nimepita kwa mdogo wangu bondeni. Mimba ya miezi saba, miguu imevimba, ulimi uko palepale. Dada unanuka dawa, usimkaribie mwanangu. Shemeji karudi kutoka kujenga, saruji mpaka kwenye nyusi, ananiuliza mbu wangu wamemng'ata, awasamehe au awapeleke polisi. Nimemwambia awapeleke kwa mama yake, watatubu wenyewe.

Jirani yao msusi hakuwepo kibarazani. Nimezoea kumkuta na kichwa cha mtu katikati ya magoti. Wanasema binti yake ana homa, kapimwa malaria hana, kapewa vidonge vya maumivu wakarudishwa nyumbani. Yule msichana wa darasa la sita, mrefu kuliko mama yake.

Sikuipenda habari hiyo hata kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeona kwa macho yangu.

Nilikwenda kumjulia hali binti wa msusi. Amelala amegeukia ukuta, hataki mwanga. Wakati natoka nikapita kwenye pipa lao, kwa mazoea tu. Pipa safi, maji safi, hakuna kitu. Lakini mfuniko! Jua limeulegeza, katikati umebonyea, umebeba maji ya mvua kama sinia. Na humo ndani viluwiluwi wanacheza. Nembo ya kitengo chetu iko chini yao, inasomeka vizuri kabisa.

Nikaenda nyumba ya pili. Vilevile. Ya tatu. Vilevile. Kwa mdogo wangu vilevile, hatua chache tu kutoka mlango wa chumba anacholala mchana.

Nimewachota kwenye chupa nikampelekea mwenzangu wa hadubini. Kaangalia muda mrefu. Hawa ndio wenyewe, kasema, halafu akauliza wametoka kwenye tairi gani, maana siku zote tunawapata kwenye tairi kuukuu. Nilipomwambia, kavua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaifuta tena.

Tumewajengea nyumba. Sisi wenyewe, tukawapelekea mpaka mlangoni kwa watu.

Jumatatu, 10 Machi

Mkubwa hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha. Kafunga mlango, kaitazama chupa, kaifunika kwa gazeti.

Anasema wageni wakishaondoka Ijumaa tutaikusanya mifuniko kimyakimya, tuseme tunaleta mipya. Habari ikitoka sasa wafadhili watakunja virago, vibarua wote nyumbani, na mwaka ujao hakuna dawa kwa yeyote, mlimani wala bondeni. Ningependa kusema ni uongo. Si uongo. Kwa hiyo anataka nini? Nifunge mdomo siku chache. Na kesho jioni atapeleka gari la kupulizia bondeni.

Nimemwambia mbu wale jioni washatulia ndani, kwenye nguo na chini ya vitanda, na moshi hauui kiluwiluwi aliye majini. Akajibu, "Lakini watu watauona."

Nikiwa mlangoni akaniuliza kama nina ndugu kule. Nina mdogo wangu, mjamzito. Kisha, kwa upole kabisa, kama mtu anayenipa pole: nisimtoe. Watu wakiona mtu wa mbu anamhamisha mdogo wake, nimeshatangaza.

Nimekubali. Naandika hapa ili nisijidanganye baadaye kwamba nilinyamaza tu. Nilisema sawa.

Jumanne, 11 Machi

Gari limepita bondeni. Watoto wanaliita treni, wamelikimbilia mpaka mwisho wa barabara wakikohoa na kucheka. Wanawake wamefungua madirisha moshi uingie. Wananishukuru! Mama Mbu, leo umetukumbuka. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Nimemvuta mdogo wangu pembeni. Mwaga maji ya kwenye mfuniko, usugue, uingize ndani. Kauliza, na majirani? Nikamwambia asubiri kidogo, asiseme kwa mtu kwanza. Kaniangalia kama ananipima.

"Dada, mbu anajua ukuta wa nani?"

Nikamwambia avae soksi na mikono mirefu.

Binti wa msusi amelazwa. Fizi zinatoka damu.

Jumatano, 12 Machi

Kutwa bwawani. Tumepulizia majani. Mwanamume mmoja wa mlimani kasimamisha gari kutupongeza, tangu wiki iliyopita analala vizuri.

Bondeni hakuna simu hata moja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Leo sitaki kuwasikia wahenga.

Alhamisi, 13 Machi

Binti amefariki alfajiri. Amezikwa alasiri.

Nilikaa na wanawake kwenye mikeka. Msusi hakulia mbele yetu. Vidole vyake tu, havikutulia, vinasuka pindo la nguo yake, vinafumua, vinasuka tena. Aliponiona akanishika mkono. Asante kwa lile gari, dada, ulijitahidi, limechelewa tu. Akaninong'oneza hivyo, yeye ndiye ananifariji mimi. Nilitamani ardhi ipasuke. Naona aibu hata kuyaandika.

Kutoka pale pipa lake linaonekana. Mfuniko umejaa. Juzi mvua imeongeza.

Sikuvumilia. Nikainuka nikaenda kwa mdogo wangu, nikaanza kupakia nguo zake kwenye begi. Alikataa. Mtu anahamaje jirani yake akiwa msibani? Shemeji naye, kwa sauti ya chini: shemeji, watu watatuelewaje? Nikawaambia anahitaji kupumzika kwangu, basi. Nilikuwa mkali. Nadhani nilipiga kelele, kwa jinsi mdogo wangu alivyoinuka ghafla.

Nyumba yao haina mlango wa nyuma. Tumepita mbele ya mikeka yote, mimi na begi, yeye na tumbo lake, ameinamisha uso. Hakuna aliyeuliza tunakwenda wapi. Mmoja alisogeza miguu tupite. Mdogo wangu alianza kulia tulipofika barabarani, akasema hatawatazama usoni tena wanawake wale.

Niligeuka mara moja. Msusi alikuwa ameinuka. Amesimama kwenye pipa lake, ameinama, anatazama.

Ijumaa, 14 Machi

Wageni wanafika saa nne. Mkubwa kapiga simu, kapiga tena, sijapokea.

Mdogo wangu kaamka na homa. Mwili wa moto, macho yanamuuma kwa nyuma, viungo vyote vinamuuma. Kwa hiyo mbu walishamng'ata kabla sijamtoa. Nilichelewa hata kwa huyu niliyemwiba! Nimeweka mkono tumboni kwake — mtoto anapiga teke, anapiga vizuri. Shemeji anatafuta gari la kutupeleka hospitali. Nimempa maji ya kunywa, nimemfuta uso. Ananiuliza kama mtoto ataathirika. Nimesema hapana, haraka mno, na ameisikia ile haraka.

Naandika kwa kuwa mikono haitulii.

Nje kuna watu. Nilidhani ni shemeji. Nimechungulia dirishani: wanawake wa bondeni, wamejaa uwanja mpaka barabarani, na kila mmoja ana mfuniko. Wanakuja mmoja mmoja wanauweka kibarazani, juu ya mwenzake, taratibu, kama wanaorudisha vyombo vya kuazima. Maji yanachuruzika ngazini kwangu.

Msusi yuko mbele. Kabisha hodi. Nimeitika, mlango sijafungua.

"Hatukuja kugombana, dada," kasema. Sauti yake imekauka. "Tunataka kujua siku uliyojua. Siku tu."

Mdogo wangu kaisikia kutoka kitandani. Ananitazama, naye anangoja.

Simu inaita tena. Nimewaambia nakuja, wanisubiri kidogo, navaa.

Nimevaa tangu alfajiri.