Nani Ataonja Biriani ya Tumu

Turffontein,
Johannesburg,
Afrika Kusini.
15 Juni 2025

Mpendwa Dada Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta umekaa, si umesimama jikoni, maana goti lako nalijua na wewe nakujua. Linaendeleaje? Na presha ya shemeji? Mwambie kahawa ya alasiri kikombe kimoja kinatosha. Kile cha pili ndicho kinachompeleka hospitali. Watoto nasikia wazima, na bibi harusi wetu nasikia amenenepa kidogo, jambo ambalo mimi silioni kuwa kosa.

Sisi huku hatujambo. Baridi imeingia; asubuhi nyasi za kiwanja cha farasi hapa jirani zinakuwa nyeupe, na wifi yako Shufaa amerudi kuvaa makoti mawili kama kawaida yake. Idd tumeswali na watu wa Tanga, Unguja na Dar, tukala kwa zamu nyumba hadi nyumba. Mwanetu Naseeb anakua. Nikimsemesha Kiswahili ananielewa vizuri sana, kisha ananijibu Kizulu.

Ujumbe wako wa sauti niliupata, nikausikiliza tena na tena. Unataka nije Oktoba niwe mpishi mkuu wa biriani ya harusi ya Tumu. Umesema umekwisha watangazia watu wote wa Ngamiani, na kwamba wapishi wengine wamekubali kunifuata. Shufaa aliniambia nikupigie simu nikujibu. Nikamwambia jambo hili ni la barua, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza ninachosema.

Jibu lipo humu humu. Ila kwanza kuna jambo hulijui, na siliandiki ili unionee huruma.

Ile homa iliyonilaza mwaka jana mwezi wa sita, niliyokwambia ni mafua makali, iliondoka na vitu viwili: pua na ulimi. Sisemi kwamba vimepungua. Vimekwenda. Shufaa akikaanga kitunguu mimi naona moshi tu. Chai ya maziwa na maji ya moto, kwangu sawasawa. Daktari alisema huenda vikarudi, huenda visirudi, akanipa mkono wa kwaheri. Kilichobaki ni ukali wa pilipili. Huo anasema si ladha, ni maumivu, na maumivu yana njia yake. Ile achari uliyompa Khatibu aniletee nimeimaliza, nikapangusa na chupa kwa mkate. Kwa miezi mingi kilikuwa chakula pekee kilichonijibu.

Sasa sikia habari za Italia. Wewe unaijua kazi yangu, lakini shemeji anadhani nauza tiketi za ndege, kwa hiyo msomee na sehemu hii. Brigitte, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi, ana ofisi yake Midrand. Kila mwaka, baridi ya Italia ikiisha na miti ikianza kuchipua, anapeleka huko makundi ya watu wa hapa wanaopenda kula. Kundi linakaa wiki moja. Wanapika na akina mama majumbani mwao, wanazunguka masoko, wanatazama jibini na mafuta ya zeituni vinavyotengenezwa, na wanakula hadi mikanda inasogezwa tundu. Kundi likiondoka linakuja jingine. Mimi ndiye mwenyeji wao. Nawapokea, nawaeleza, naonja wa kwanza kisha nasema. Brigitte alinichukua kwa sababu miaka ile ya hotelini nilipikia chini ya Mtaliano, na lugha yake ikanikaa. Divai na nguruwe vipo mikononi mwa dereva wetu wa kule, na sijapata kumsikia akilalamika.

Umeona basi tatizo lilipo. Kuonja ndiyo nusu ya kazi. Sikumwambia Brigitte. Niliogopa kuachishwa, na zaidi niliogopa kutazamwa kwa jicho la maskini wee. Mwezi wa nne nikapanda ndege nikaenda zangu.

Haikuwa vigumu kama nilivyodhani. Nilifanya kazi kwa mikono na masikio. Niliwaonyesha wageni namna ya kubonyeza donge la unga mpaka liwe laini kama ndewe ya sikio, kama mama alivyotufundisha sisi kwa chapati. Niliwaambia wasikilize mafuta kabla ya kuyatia kitu. Walifurahi, wakaandika kwenye simu zao. Ilipofika zamu ya kusema habari ya ladha, niliwatazama nyuso. Wakifumba macho, nasema tamu. Wakikunja pua, nasema hii inahitaji kuzoewa. Sikukosea hata mara moja, na nakiri nilianza kujiona hodari.

Masika yao ni mazuri, dada, nisiwanyime haki yao. Masoko yamejaa maharage mapana mabichi kwenye maganda yake, majani machungu ya mashambani yamefungwa mafungu kama mchicha, jibini inauzwa ingali ya moto. Vyote hivyo niliviona na kuvishika. Ilikuwa kama kutazama harusi ya watu kupitia dirishani.

Kundi la mwisho lilikuwa la wastaafu, watu wa adabu zao. Tuliwapeleka kwa Signora Ersilia, mjane mmoja mtu mzima katika mji wa kilimani, ndani kutoka bandari ya Bari. Huyu anapika tambi ndogo mfano wa sikio la mtoto, kila moja inavutwa kwa kidole gumba juu ya ubao, na anazipika pamoja na yale majani machungu. Vidole vyake vina kasi ya kuudhi. Wageni walijaribu, tambi zao zikatoka kila moja na sura yake, tukacheka, tukaketi mezani.

Siku hiyo nilikuwa na njaa na nilikuwa katikati ya hadithi. Nikapeleka chakula kinywani, na bila kumtazama mtu usoni nikasema hiki ndicho chakula bora cha safari nzima. Nikaomba sahani ya pili.

Kumbe chakula kilikuwa kimetiwa chumvi mara mbili. Wageni walikuwa wameshaonja na kuweka uma chini, wanangoja mimi niseme. Niliposema vile, wakashika uma zao wakala, wote, kimya, maji yanapita jagi baada ya jagi. Mama Nomvula, mwalimu mkuu mstaafu wa Soweto, aliimaliza sahani yake machozi yakimlengalenga. Mimi naendelea na hadithi.

Wageni walipotoka nje kupiga picha, Signora aliniita jikoni. Alikuwa ameyaona majagi matupu, na alikuwa ameniona mimi.

“Wewe umekula sahani mbili,” aliniambia.

“Ndiyo, mama.”

Akagusa ulimi wake kwa kidole, kisha akakielekeza kwangu. “Basi na wewe huna.”

Nikaitika kwa kichwa. Akavuta kiti, akanieleza. Ulimi wake umekufa kidogo kidogo kwa uzee, na sasa hausikii kitu. Jirani yake ndiye anayemwonjea, mwaka wa ngapi huu, na hakuna mwingine anayejua pale mjini. Siku hiyo jirani alikwenda mazikoni. Yeye akatia chumvi, akasahau, akatia tena. Alisema anaogopa tusije tukaacha kumletea wageni, kwa sababu wageni ndio wanaomfanya aamke asubuhi na kujifunga kitambaa kichwani. Nikamuuliza kwa nini basi asipumzike. Alinitazama kana kwamba nimemtukana, akasema mikono yake haijaugua.

Dada, mwaka mzima nilikuwa sijamwambia mtu yeyote nje ya nyumba yangu. Pale jikoni nikalia. Si sana, lakini nililia, na yule mama akaniachia nimalize, akaendelea kufuta ubao wake.

Kwenye basi Mama Nomvula alisimama, akawaambia wenzake kwamba leo Bwana Bakiri amewafundisha adabu: kwao pia mpishi hatahayarishwi mezani pake, na mimi nimekula sahani mbili za chumvi ili mama wa watu asijue. Basi zima likanipigia makofi. Nilikaa nayatazama mashamba ya mizeituni hadi hotelini. Heshima niliyopewa haikuwa yangu, na aibu niliyoisikia sijui hata niieleze vipi.

Wageni waliporudi walimwandikia Brigitte sifa zangu. Akaniita Midrand, amefurahi kweli, anataka kisa kile kiwekwe kwenye matangazo ya mwaka ujao. Nikaona hapa nikinyamaza tena, nitanyamaza maisha. Nikamweleza yote. Habari ya Signora nilikuwa nimeshamwomba ruhusa, naye alikubali kwa sharti lake mwenyewe, kwamba siku jirani hayupo, hapokei mgeni.

Brigitte alikuwa anazungusha kalamu.

“Kumbe ile munyu haikukuwa heshima,” akasema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi.

“Haikuwa.”

“Basi bageni bataendelea kukupenda juu ya mikono. Kuonja tutatafuta mwingine. Lakini usinifiche tena kintu.”

Ndivyo ilivyokwisha. Mwakani nakwenda, na atakuwepo mtu wa kuonja karibu yangu, na wageni wataambiwa kwa nini. Nimelala vizuri tangu siku ile, Shufaa ni shahidi.

Sasa biriani ya Tumu. Nitakwambia ukweli: uongo nilikuwa nimeshauandaa. Nilitaka kusema nimenyimwa ruhusa kazini. Ulikuwa uongo mzuri, na ungeuamini.

Nitakuja. Mchele nitauosha mimi, na punje nitaibonyeza mimi nijue kiini kimebaki kiasi gani. Vitunguu nitavisikia vikikauka kwenye mafuta. Kupanga nyama na wali, kupanga makaa juu ya mfuniko, yote hayo mikono inayakumbuka bila kuniuliza. Lakini kuonja siwezi, na sitajifanya. Wale wapishi wenzangu wa Ngamiani nawaheshimu, ila wanavuta sigara tangu asubuhi, na harusi ya mpwa wangu siiweki juu ya midomo ile.

Nakutaka wewe. Unakumbuka harusi ya Ba’mkubwa, wanaume wako uani na masufuria, wewe umewekwa ndani dirishani unamenya vitunguu saumu? Ukapaza sauti kwamba iliki imezidi. Walikucheka. Baadaye wakapunguza mchuzi wakaongeza maziwa mala, na hakuna aliyerudi dirishani kukwambia kitu. Mimi nilikuwa pale, nilicheka pamoja nao.

Najua mwanamke hasimami kwenye masufuria yale, na mama wa bibi harusi ndiyo kabisa, siku hiyo anatakiwa akae na kanga yake mpya apokee wageni. Wapishi wakinuna, wape vitunguu wamenye. Kwa ajili ya goti, kiti kitawekwa kando ya sufuria, nitakitafuta mwenyewe. Nitakutilia mchuzi kiganjani, uonje, wala usiseme neno. Nitakutazama usoni. Nimejifunza kusoma nyuso msimu huu, na safari hii sitaongea huku nakula. Ukikubali, mwambie Tumu biriani yake ina mpishi. Ukikataa, tafuteni mtu mwingine, na mimi nitakuja kama mjomba, nitabeba viti.

Nisalimie shemeji, nisalimie bibi harusi na wadogo zake, na Mama Mdogo Saida mwambie dawa yake ya miguu ameshapewa Khatibu, ataileta. Shufaa anakusalimu sana. Naseeb naye amesalimu, nimekutafsiria. Na Khatibu akirudi huku, achari usisahau, wala pilipili usiipunguze.

Mungu akulinde, akulindie na goti, na hasa akulindie huo ulimi, maana tangu leo tunautumia wawili.

Wako akupendaye, mdogo wako,

Bakiri