Haikuwa Breki, Ni Vidole Vyangu

Mshauri wetu, shikamoo.

Nimeianza barua hii mara nne na kuichana mara tatu, kwa hiyo unisamehe nikirukaruka, maana jambo lenyewe nimelibeba kwa wiki tatu sasa na hakuna mtu nyumbani wala kazini ninayeweza kumwambia.

Mimi ni karani wa masjala, ghorofa ya tatu, kazi yangu ni kupokea maombi dirishani, kuyagonga mhuri wa tarehe na kuyapanga kwenye majalada, na wenzangu wananiita Bwana Nukta kwa sababu siwezi kupitisha barua iliyokosa nukta. Jumamosi huyo huyo Bwana Nukta huvaa kofia ngumu na vikinga vya magoti na kushuka mlima kwa baiskeli. Tuko saba kwenye kikundi, kiongozi wetu ni dada mmoja muuguzi tunayemwita Kapteni, na njia yetu inaanzia kwenye mnara wa simu na kuishia nyuma ya machimbo ya mawe, dakika nne za kushuka tu, kona kumi na moja, na katikati kuna miamba inayotikisa baiskeli hadi meno yanagongana.

Baiskeli yangu aliiunda mjomba, ambaye ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Ana karakana ya baiskeli, na kazi ya breki huifanya mwenyewe, haimpi mtu. Binti yake, ambaye kwangu ni dada kabisa, ni mwalimu wa chekechea na ndiye aliyekuwa mwenzangu kwenye mbio za wawili wawili, mimi natangulia kuchagua njia, yeye anafuata nyuma ya tairi langu.

Sasa kwa miezi saba nimekuwa nikienda jimu kila nikitoka kazini, nimechora jedwali la kuchuchumaa na chuma begani na la kunyanyua chuma kutoka sakafuni, sijaruka hata siku moja. Mwanzoni chuma kilikuwa kinaniponyoka mikononi kabla miguu haijachoka, basi jamaa mmoja pale akanionyesha ile mikanda ya kitambaa ambayo unajifunga kwenye kifundo cha mkono kisha unaizungusha kwenye chuma, na tangu siku hiyo sikutazama nyuma, kilo zikapanda, mapaja yakajaa hadi suruali za ofisi zikanibana, na jina langu likaandikwa kwenye ubao wa wenye nguvu. Kapteni alipouona ule ubao akasema hakuna ubishi, mimi ndiye wa kutangulia.

Lakini mshauri, kila tukifika kwenye miamba, mikono yangu kuanzia kwenye viwiko inajaa, inakuwa migumu kama mbao, inawaka, na vidole vinaanza kufunguka vyenyewe. Sikumwambia mtu. Ningeanzaje kusema kwamba mtu mwenye jina ubaoni hawezi kushika usukani?

Jumamosi moja wiki tatu zilizopita, tukiwa mazoezini, kona ya saba, nilitaka kufinya breki na kidole hakikunitii, mkono wa kulia ukaachia, baiskeli ikakata kushoto nikaingia kichakani, na dada aliyekuwa nyuma yangu kabisa akafunga breki zote ili asinigonge, akarushwa juu ya usukani. Alivunjika mtulinga. Mimi nilichubuka kiwiko.

Mjomba alifika hospitalini na nguo za kazi, mikono imejaa grisi. Alimtazama binti yake, akanigeukia akaniuliza, "Breki ziligoma?" Nikasema ndiyo. Neno moja tu. Hata sikulitunga mimi, nililetewa nikalipokea kama ninavyopokea karatasi za watu dirishani, nikaligonga mhuri.

Tangu hapo mjomba amezifungua zile breki mara tatu. Anazipanga kipande kwa kipande kwenye kitambaa, anachukua kimoja kimoja anakitazama kwenye mwanga wa mlangoni, hapati kitu, anazifunga, na baada ya siku mbili anazifungua tena. Wiki iliyopita wateja wawili walileta baiskeli za milimani akawaambia wazipeleke kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Walipoondoka akaniambia bila kuniangalia, "Mjomba," maana ndivyo tunavyoitana, "macho yangu yameanza kuniacha. Nimemvunja mwanangu mwenyewe." Nikamwambia asiseme hivyo.

Dada yeye anacheka na mkono wake kwenye kombeo, ananiambia Bwana Nukta safari hii nukta umeiweka kichakani, na mimi nacheka naye. Kazini nimegonga tarehe ya jana kwenye maombi kumi na mawili. Nikishika kikombe cha chai najikuta naangalia vidole kama ni vya mtu mwingine.

Mbio zimebaki wiki tano. Kapteni ameniweka nitangulie tena, na safari hii nyuma yangu atakuwa fundi bomba mmoja, mpole, ana mtoto mchanga, aliyeniuliza kama niko sawa nikamwambia niko sawa kabisa. Kwa hiyo naomba uniambie ni mazoezi gani yatanipa mikono ndani ya wiki tano, kwa sababu nadhani mikono ikishika vizuri basi jambo hili litakwisha lenyewe kimyakimya na hakutakuwa na haja ya kumsumbua mtu. Tafadhali nijibu gazetini, usiniandikie nyumbani.

Ni mimi, karani wa masjala.

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Umeandika kurasa tatu, swali ukaliweka mwisho, na katika yote uliyonieleza hilo ndilo dogo kuliko mengine. Nitalijibu kwanza ili usiseme nimekukwepa.

Nilimpigia simu mwalimu wa mazoezi anayewanoa watu wa baiskeli za milimani, nikaanza kumsomea barua yako. Nilipofika kwenye mikanda akanikatiza. "Basi, mama, usiendelee. Nimeshamjua." Miezi saba umefundisha miguu na mgongo, na kila siku ukavipa vidole likizo, kwa sababu chuma kilikuwa kinaning'inia kwenye kitambaa, si kwenye viganja vyako. Mwili ulikuambia mapema kabisa, pale chuma kilipokuponyoka. Wewe ukaufunga mdomo kwa mkanda.

Itupe mikanda hiyo. Punguza kilo hadi pale vidole vyenyewe vinapoweza kushika, na jina likifutwa ubaoni, lifutwe. Ning'inia kwenye chuma cha juu kwa sekunde ishirini, pumzika, rudia mara tano. Beba ndoo ya mchanga kila mkono, utembee wima, mabega yasiinuke. Fanya hivyo mara tatu kwa wiki, si kila siku, maana msuli hukua ukipumzika na wewe hujaupumzisha tangu ulipochora jedwali lako. Ukiwa juu ya baiskeli, inama kutoka kiunoni na uiachie miguu kazi ya kubeba mwili, ndiyo kazi uliyoifundisha. Kidole kimoja kikae kwenye breki, vingine vishike usukani bila kuukaba. Mwalimu anasema wewe unaukaba kwa hofu tangu kona ya kwanza, ndiyo maana kwenye miamba huna kitu. Na mipini ya breki isogezwe ikae karibu na kidole. Kazi hiyo anaijua vizuri fundi mmoja ambaye kwa sasa hagusi breki za watu, na unajua kwa nini.

Wiki tano hazitoshi. Mwalimu anasema miezi mitatu, na hapo ni kama utafuata maneno yake. Kwa hiyo leo hii mwambie Kapteni hutatangulia. Usimwambie una mafua, usimwambie kazi zimebana. Mwambie mikono yako haishiki kwenye miamba. Yeye ni muuguzi, hatashangaa kusikia kuna kiungo kinauma. Atashangaa kwamba ulikuwa tayari kumweka baba wa mtoto mchanga nyuma ya tairi lako ukijua unayoyajua. Hilo, mwanangu, limenikasirisha kuliko uongo wako.

Uongo wenyewe ninauelewa. Ndugu yako amelala kitandani, aliyekulea amesimama mbele yako, anakupa njia ya kutokea nawe unaipita. Pengine na mimi ningeipita. Lakini hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Zilizofuata umezichagua mwenyewe, moja moja, ukimwangalia mzee akitafuta kosa mahali ambapo halipo. Unamhurumia, nimeona. Huruma hiyo haimsaidii. Anaamini mikono yake ndiyo iliyomwangusha binti yake, na mazoezi yako, hata ukining'inia hadi mwakani, hayatamwondolea imani hiyo. Jambo hili haliwezi kwisha kimyakimya, kwa sababu kwake yeye halijanyamaza hata siku moja.

Mwambie mjomba wako ukweli. Atakasirika. Huenda asikusemeshe kwa muda. Vumilia, usimwombe aharakishe kukusamehe. Na dada yako umwambie siku hiyo hiyo, asilisikie kwa mtu mwingine.

Umeniomba nikujibu gazetini, nimekubali. Nimeondoa jina la mlima, rangi ya baiskeli na mtaa ilipo karakana, lakini siwezi kumficha mtu aliyezifungua breki mara tatu asione kitu. Akisoma atajijua. Gazeti hili huwa mitaani saa kumi na mbili asubuhi. Karakana nyingi hufunguliwa saa mbili, na mafundi ninaowajua husoma gazeti wakisubiri mteja wa kwanza. Huna muda wa kuandika rasimu. Acha gazeti nyumbani, nenda umkute mlangoni kabla hajafungua kufuli, umwambie, "Mjomba, breki zilikuwa nzima." Halafu nyamaza, umwache akuulize.